Mboga Tunazozifyeka: Majani ya Kuliwa katika Viwanja vya Morogoro



Masika yakishashika, kati ya Machi na Mei, Morogoro yote huota majani. Huota kwenye ukoka ulio mbele ya nyumba za Kilakala, kwenye viwanja visivyojengwa vya Kihonda, kandokando ya mitaro ya Bigwa, hata kwenye nyufa za saruji. Kila mwenye uwanja humtafuta kijana wa kufyeka. Kijana anafyeka, anang'oa, anakusanya, anachoma. Jioni hiyohiyo mtoto anatumwa sokoni kununua fungu la mchicha. Nimekuja kusema kwamba sehemu kubwa ya kile kinachochomwa ni mboga, na tunaichoma kwa sababu hatuitambui tena kwa sura. Wanaoitambua wapo bado. Wengi wao ni mama na bibi zetu wa Uluguru, na elimu yao haipatikani kwa kutazama picha. Inapatikana kwa kuinama pamoja nao shambani.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha kazi yake ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara ambayo ni ndugu na hii yetu ya Uluguru, akionyesha kwamba majani ya kujiotea yalikuwa sehemu kubwa ya mlo wa kawaida wa Washambaa, wala hayakuwa chakula cha kungojea njaa. Mwaka 2002 kikatoka kitabu cha Christopher Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs kuhusu mimea ya porini inayoliwa Tanzania, chenye michoro na majina ya lugha zetu nyingi. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi kuutetea mnavu, mgagani na ndugu zake, na leo mboga hizo zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Wagiriki nao hawaoni haya: majani ya porini huchemshwa, yakamiminiwa mafuta ya zeituni na limau, yakaandikwa kwenye orodha ya vyakula mgahawani. Kwa hiyo anayesema hizi ni mboga za mshamba hajatembea.

Tuanze uwanjani.

Wa kwanza ni mchicha wa kujiotea, na huu karibu kila mmoja wenu anadhani anaujua. Tazameni vizuri. Kuna mchicha laini usio na miiba, na kuna mchicha wa miiba, Amaranthus spinosus, ambao pale jani linapoungana na shina hutoa miiba miwili iliyosimama. Yote miwili huliwa, lakini ule wa miiba huchumwa ukiwa mchanga, ncha tu, kwa vidole vya uangalifu. Maua yake hayana petali za kupendeza. Ni masuke ya kijani au mekundu yaliyobanana, na ndani yake mna mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa. Mchicha hufyonza vingi kutoka ardhini, vizuri na vibaya. Nitarudi kwenye hilo.

Wa pili ni mgagani. Huo mtautambua kwa jani lake lililogawanyika vipande vitano kutoka sehemu moja, mara nyingine vitatu au saba, na kwa vinywele vyenye kunata vinavyoacha harufu kali mkononi. Maua ni meupe au yenye wekundu kidogo, na vijiti vyake vya uzazi hutokeza nje mbali na petali. Baadaye hutoa maganda marefu membamba. Asili yake ni Afrika, si mgeni hapa. Una uchungu kidogo, ndiyo maana wapishi wengi huuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, kisha wakauunga kwa karanga za kusaga. Kule magharibi mwa Kenya huulaza kwenye maziwa, na ladha yake siku ya pili huwa nzuri kuliko ya siku ya kwanza.

Mlenda ndio ninaopenda kuufundisha, kwa sababu umebeba kitambulisho chake mwenyewe. Nauzungumzia ule wa jamii ya Corchorus. Maana mboga kadhaa zenye utelezi huitwa mlenda, na nyingine ni za jamii ya ufuta. Shika jani moja. Kingo zake ni za meno madogo kama msumeno, na pale chini, karibu na kikonyo, meno mawili ya mwisho yamerefuka yakawa nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande. Ukiona nyuzi hizo, pamoja na kiua kidogo cha manjano, na utelezi ukilisugua jani kwa maji, umefika. Lakini sikilizeni: tunachuma majani. Mbegu za mlenda huo zina kemikali zinazougusa moyo, za aina moja na zile zinazotengenezewa dawa za moyo, na si chakula. Maganda yaliyokomaa yaachwe kwenye mmea yapukutishe mbegu za msimu ujao. Mlenda mkavu mnaouona sokoni ukiletwa kutoka Dodoma na Singida ni majani yaliyoanikwa na kusagwa, na Wagogo wameishi nao vizazi na vizazi katika nchi isiyo na mvua ya kutosha.

Mnavu unahitaji tahadhari kubwa zaidi, nami nitaenda taratibu. Majani yake ni laini, ya umbo la yai lililochongoka, maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano yananing'inia katika kishada, na matunda yake ni vitufe vidogo ambavyo vikiiva huwa vyeusi au rangi ya machungwa kulingana na aina. Majani huliwa yakipikwa. Matunda mabichi ya kijani hayaliwi, kwa sababu yana sumu ileile iliyomo kwenye kiazi mviringo kilichoachwa juani hadi kikawa kijani. Tena mnavu una jirani anayependa udongo uleule wenye mbolea, kwenye majalala na karibu na mazizi. Jirani huyo ni datura. Datura ikiwa changa, mtu mwenye haraka anaweza kuitia kwenye kapu moja na mnavu. Ikikua haifichiki: ua lake ni jeupe au zambarau, refu kama tarumbeta, tunda ni la miiba, na jani likisuguliwa hutoa harufu ya kuchukiza. Shida ni kwamba wachumaji wa mboga hutaka majani machanga, wakati ambao ua na tunda havijatokea.

Msidhani naogofya bure. Mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unga wa lishe wa msaada ulikuwa umechanganyikana na sumu za datura. Watu wapatao 300 waliugua na baadhi yao wakafariki. Sumu zenyewe ni atropini na skopolamini: mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, mtu huanza kuzungumza na wasioonekana. Unga wa Karamoja ulipita kwenye mikono ya wataalamu, mashine na maghala. Mchumaji mmoja uwanjani kwake hana maabara. Ana macho, pua na mwalimu wake tu.

Kwa hiyo kanuni yangu kuhusu mnavu ni hii. Mwaka wa kwanza usiuchume. Utazame uote, uchanue, uzae, uive. Weka kijiti pale uliposimama. Mbegu zikianguka, msimu unaofuata miche itaota palepale, na wakati huo utakuwa umeijua sura yake ya utotoni.

Kuna mmea mmoja wa kutambaa ambao mafundi wa bustani wanauchukia kwa sababu haufi hata ukiachwa juani siku kadhaa baada ya kung'olewa. Shina lake ni nene, jekundu, lenye maji. Majani ni mazito, madogo, ya umbo la kijiko. Ua ni dogo la manjano linalofunguka jua likiwaka. Watu wa pwani huuita tako la hasani, na kwa Kilatini ni Portulaca oleracea. Una mafuta ya omega-3 kwa kiasi kisicho cha kawaida kwa majani ya mboga, na ladha yake ni ya uchachu mwepesi. Karibu naye, tena kwenye ukoka huohuo, hutambaa mziwaziwa. Kwa mbali wanafanana. Vunja shina: tako la hasani hutoa maji mangavu, mziwaziwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Wenye utomvu mweupe uache.

Hapo mtu makini ataniuliza: je, kila mmea wenye maziwa ni wa kuachwa? Hapana, na jibu lipo kwenye mchunga, Launaea cornuta, mboga ya heshima kwa Waluguru, Wazigua na watu wa pwani. Mchunga una maziwa. Majani yake ni marefu, yamechanika kingo, yamekaa chini karibu na ardhi, maua ni ya manjano, na mizizi yake husambaa chini hivi kwamba ukiung'oa hapa unachomoza pale. Ni mchungu hasa. Huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha ukapikwa kwa tui la nazi au karanga. Na mzee aliyeuzoea hawezi kuridhika na mchicha mtupu. Wengi huutumia pia kama dawa ya tumbo na ya homa. Kwa homa mimi nasema nenda ukapimwe malaria, halafu urudi ule mchunga wako kama mboga. Lakini oneni jinsi kanuni moja ya jumla inavyovunjika. Anayetafuta njia ya mkato ya kutambua mimea yote kwa alama moja, hayupo salama. Kila mmea una alama zake, na tunajifunza mmoja mmoja.

Mengine nayapitia haraka. Kongwa, wenye maua ya buluu na jani linalolivika shina kama mkono wa shati, ncha zake changa huchanganywa na mboga nyingine. Kishona nguo, yule anayewashonea mbegu kwenye suruali mkipita uwanjani, huliwa akiwa mchanga kabla ya kuchanua. Yeye ni mgeni kutoka bara la Amerika aliyezoea kwetu. Nderema hupanda uani na kwenye miti ya pembeni mwa msitu, majani mazito yenye utelezi, matunda ya zambarau yanayotia doa kwenye vidole.

Uyoga sitaugusa leo. Una somo lake peke yake, na kosa la uyoga halina marudio.

Niseme sasa juu ya imani ambazo nazisikia mara kwa mara na ambazo zinaweza kuua. Wapo wanaosema, mbuzi akila nami nitakula. Mbuzi hula majani mengi ambayo tumbo la mtu haliwezi kuyahimili. Wapo wanaosema kuchemsha huondoa sumu yote. Kwa kisamvu, kukitwanga na kukichemsha vizuri kunapunguza sana sumu yake. Kwa datura kuchemsha hakusaidii. Wapo wanaoonja kidogo na kungojea. Kuonja si kipimo cha mmea usioujua. Na watoto wafundishwe mapema juu ya mbono kaburi, ule wa ugo uliozunguka nyumba nyingi za mkoa huu: mbegu zake zina ladha kama ya karanga, na mtoto aliyezila hutapika na kuharisha hata akahitaji hospitali. Kadhalika mbegu za mbarika. Mtu akila kitu na kuzidiwa, msimlazimishe kutapika, msimnyweshe maziwa kwa kubahatisha. Mpelekeni hospitali upesi, na tawi la mmea alioula mlibebe, lenye jani, ua na tunda kama vipo. Daktari atalihitaji.

Nilisema mchicha hufyonza vingi. Hapa ndipo uwanja wa mjini unapotofautiana na shamba la bibi. Mmea uliosimama kando ya barabara ya Dar es Salaam unapokea moshi na vumbi mchana kutwa. Uliosimama chini ya gereji unakunywa oili chafu. Uliosimama juu ya shimo la choo au kwenye mtaro wa maji machafu unabeba vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo. Na kuna hatari mpya zaidi ambayo bibi zetu hawakuwa nayo, dawa ya kuua magugu. Siku hizi ni rahisi kununua chupa na kunyunyizia uwanja mzima kuliko kulipa mtu wa kufyeka. Majani hayanyauki palepale. Kwa siku kadhaa yanaweza kuonekana mazima, yenye kupendeza, na mpita njia akayachuma. Ukipuliza, wajulishe majirani, na weka alama. Mimi ningependa usipulize kabisa mahali watoto wanapocheza. Mboga salama hutoka kwenye uwanja ambao historia yake unaijua. Zioshwe kwa maji mengi safi, jani kwa jani, kabla ya kukatwa.

Kuhusu upishi, nina neno moja tu la kuwasihi akina mama na wapishi wote. Tunapika majani haya kupita kiasi. Mboga chungu au zenye asidi nyingi, kama mgagani, mchunga na mchicha uliokomaa, zichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Ni sawa, hata kwa wenye mawe kwenye figo inafaa. Lakini mboga laini haina haja ya kuchemka hadi igeuke rangi ya matope, na magadi yakizidi huharibu vitamini. Mafuta kidogo, karanga au tui huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye majani, kwa hiyo desturi ya kuunga mboga ina maana yake kubwa.

Sasa tupande mlimani. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, lukolo, na mkono unaopalilia mara nyingi ni wa mwanamke. Mwenye kupalilia ndiye anayeyajua magugu yote, kwa sababu ameyashika. Ukienda Kinole, Matombo au Mgeta na kumtazama mama akipalilia mahindi au maharage, utaona jambo ambalo kijana wetu wa kufyeka halifanyi: anachagua. Mengine anayang'oa na kuyaacha juani yaoze yarutubishe udongo, mengine anayaruka yakue, mengine yanaingia kwenye kitenge alichojifunga kiunoni, na hayo ndiyo kitoweo cha jioni. Palizi na kuchuma ni kazi moja. Binti anayepalilia kando ya mama yake anapokea elimu hiyo bila kuambiwa kwamba yuko darasani.

Milima hii ina kumbukumbu chungu ya wataalamu wasiouliza. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo wa juu wenye rutuba ulikuwa mwembamba. Matuta yakaufukia na kuleta juu udongo uliokufa. Mazao yakadhoofika, jasho likapotea, na mwaka 1955 watu wakakataa, zikazuka vurugu Matombo, mradi ukafa. Naitaja habari hiyo kwa sababu leo pia zipo ofisi zinazotaka kuwafundisha watu wa mlimani lishe bila kuwauliza wanakula nini. Waulizwe kwanza.

Na tunapopanda tuheshimu mipaka. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, yenye zaidi ya hekta 24,000. Ndiyo inayolisha Mto Ruvu ambao Dar es Salaam inaunywa. Huko hatuchumi bila kibali. Wala hatuna haja, maana mboga ninazozisema hazipendi kivuli cha msitu. Zinapenda ardhi iliyoguswa na jembe, yaani mashamba, njia na viwanja vyetu.

Najua kinachowazuia wengi si hofu ya sumu. Ni aibu. Majani ya kujiotea yamebandikwa jina la chakula cha maskini. Waliozaliwa zamani wanakumbuka ukame na uhaba wa chakula wa mwaka 1974, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliyofuata, watu wa mijini wakahimizwa kulima chakula kila penye nafasi. Mwaka ule hakuna aliyemcheka jirani kwa kuchuma mgagani. Shibe ilipopatikana, tukaitupa mboga pamoja na njaa, kana kwamba mboga ndiyo iliyoleta njaa. Hilo ni kosa la hukumu, na watoto wetu ndio wanaolilipia, kwa sahani ya ugali na kipande cha kabichi iliyopauka wakati madini na vitamini vimelala mlangoni.

Sitaki mtoke hapa mkachume kila kijani mkionacho. Nataka kila nyumba ichague mmea mmoja, mmoja tu, kwa masika haya. Anza na mlenda au mgagani, kwa sababu alama zao ni wazi. Nenda kwa mtu anayeujua, umwamkie, umwambie, "Bibi, shikamoo, naomba unionyeshe mboga hii shambani kwako." Uone mche, ua na tunda. Uushike, uunuse, upike pamoja naye mara ya kwanza. Umwombe mbegu uzinyunyize kwenye kona moja ya uwanja wako, ukamwonyeshe na kijana wa kufyeka ili asiipitishie fyekeo. Walimu wa shule za msingi mlioko hapa, bustani za shule zenu zinatosha kwa kazi hii, na bibi mmoja wa kijiji akikaribishwa kwa heshima na kulipwa nauli yake anaweza kufundisha darasa zima kwa asubuhi moja. Msichelewe kumwalika, kwa sababu wanaojua mboga hizi zote ni wazee, na wengi wa wajukuu wao wako mjini, hapa pamoja nasi.